Bahari iko mbali, lakini shule yake iko hapa Nakuru

Mwezi uliopita nilimwambia mjomba wangu nataka kusomea baiolojia ya bahari. Akaweka kikombe cha chai chini. "Bahari gani, na wewe ni mtoto wa Lanet? Hapa tuna mahindi na kambi ya jeshi." Nyumba nzima ikacheka, hata mimi nikacheka. Lakini usiku usingizi ulikataa. Kutoka hapa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 600, na bahari nimeiona mara moja tu, tukiwa safari ya shule. Labda mjomba ana haki?

Basi nikaingia kwa historia nitafute jibu. Na wasee, nilichopata kimenifanya nione mtaa wetu tofauti kabisa.

Kwanza tuelewane. Ukisikia baiolojia ya bahari unawaza papa na pomboo, si ndiyo? Hao ni wachache sana. Sehemu kubwa ya somo hili ni viumbe vidogo vinavyoelea majini, ambavyo vingi huwezi kuviona kwa macho. Jina lao, plankton, lilitolewa na Mjerumani Victor Hensen mwaka 1887. Miaka miwili baadaye alivuka Atlantiki na meli iitwayo National, akivuta wavu majini na kuhesabu alichokipata. Swali lake halikuwa "kuna samaki gani humu?" Lilikuwa "maji haya yanatengeneza chakula kiasi gani?"

Hadi leo kozi inafuata njia hiyo. Darasani unafundishwa jinsi mwanga, chumvi na virutubisho vinavyolisha mwani. Maabara unakaa na hadubini ukihesabu seli mpaka macho yaume. Halafu unapanda meli, unashusha wavu na chupa, na kile kisahani cheupe kinachoitwa Secchi. Angelo Secchi alikuwa padre na mwanaastronomia. Mwaka 1865, akiwa kwenye meli ya Papa katika Mediterania, alishusha visahani kwa kamba kupima vinapotea machoni kwa kina gani. Kikipotea haraka, maji yana vitu vingi ndani. Simpo hivyo, na bado kinatumika.

Sasa rudi nami Lanet. Ukipita Lanet Gate unaingia mbugani, na mbele yako ni Ziwa Nakuru. Ziwa hili halina mto unaotoka. Maji yanaingia, jua linayanyonya, chumvi na magadi vinabaki. Kwa miaka mingi pH yake imekuwa karibu 10, wakati bahari iko karibu 8. Viumbe wengi hawawezi hayo maisha. Lakini Spirulina, mwani mdogo uliojisokota kama springi, uliyapenda, na flamingo wakaupenda huo mwani.

Mwaka 1929 Mwingereza Penelope Jenkin alikuja kuchunguza maziwa ya Bonde la Ufa. Fikiria: mwanamke mwanasayansi, Kenya ya ukoloni, anavua vitu ambavyo hakuna mtu angevila. Baadaye, mwaka 1957, alichapisha utafiti mkubwa kuhusu jinsi flamingo anavyokula: anainamisha kichwa juu chini, ulimi unasukuma maji kama pampu, mdomo unachuja. Yaani ndege mwenyewe amebeba wavu wa plankton usoni.

Halafu watu wakaongeza kitu kingine. Ziwa halikuwa na samaki kabisa. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzo wa 1960 waliletwa samaki wadogo kutoka Magadi, lengo likiwa kupunguza mbu. Samaki wakazaana, na wala samaki wakafuata: mwari wakaja kwa maelfu. Uamuzi mmoja kuhusu mbu ukabadilisha ni nani anamla nani kwenye ziwa zima. Hiyo ni lekcha tosha.

Miaka ya 1970 akaja Ekkehard Vareschi. Huyu hakupima mara moja akaenda. Alifuatilia ziwa kwa miaka: mwani, samaki, ndege. Alikadiria flamingo mmoja anakula takriban gramu 70 za mwani mkavu kwa siku. Piga hesabu: ndege milioni moja ni tani 70 kila siku, kutoka kwa kitu usichokiona kwa macho. Kisha mwaka 1974 Spirulina ikaporomoka na flamingo wengi wakaondoka. Mtalii angeona tu ndege wamepotea. Vareschi alikuwa na namba za kabla na za baada, kwa hivyo aliona chakula kikiisha.

Miaka ya 1990 flamingo walikufa kwa wingi katika maziwa yetu. Mwaka 2004 kundi la watafiti, akiwemo Andreas Ballot na Mkenya Kiplagat Kotut, lilichapisha matokeo kwamba katika Bogoria, Nakuru na Elementaita kulikuwa na sumu zinazotengenezwa na baadhi ya bakteria wa jamii hiyo ya mwani. Walitumia chupa za maji na hadubini, vifaa vile vile vya baharini, na sumu yenyewe ikapimwa kwa kemia.

Hapa ndipo maoni yangu yanaingia. Sisi watoto wa Nakuru tumefundishwa ziwa kama picha ya kalenda. Tunajua rangi ya waridi, hatujui chakula chini ya ile rangi. Na historia yenyewe ina mashimo: mtu anakuja, anapima, anaandika, anapanda ndege. Katikati kuna miaka mingi ya kimya. Na tangu karibu 2010 ziwa limekuwa likipanda. Limemeza lango kuu la zamani la mbuga, likaingia nyumba za watu Mwariki. Maji yakiongezeka, chumvi inapungua, Spirulina inateseka, flamingo wanahamia kwingine kama Bogoria. Mabadiliko kama haya yanataka mtu wa kupima kila mwezi, na anayeweza kufanya hivyo kirahisi ni anayeishi hapa.

Sisemi bahari haina maana. KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi iliyoanzishwa 1979, makao yake ni Mombasa, na ina meli ya utafiti inayoitwa Mtafiti, iliyotoka Ubelgiji. Ndoto yangu ni kulala kwenye hiyo meli siku moja, nikiamshwa saa tisa usiku kuvuta wavu. Lakini taasisi hiyo hiyo ina vituo Naivasha na Baringo. Na hapa Njoro, Egerton wamefundisha sayansi ya maji ya bara miaka mingi. Mlango wa somo hili haufunguki pwani pekee.

Najua kazi si nyingi. Mjomba amenikumbusha hilo mara tatu, na hakosei. Ila nimeshachagua. Jumapili nilimpeleka juu kidogo, mahali ziwa linaonekana, nikamwambia habari ya tani 70. Akanyamaza, akatazama maji muda mrefu.

"Na sasa hivi nani anayahesabu?" akaniuliza.

Hilo ndilo swali, mjomba.