Saketi Iliyotangulia Hesabu Yake

Wanafunzi wa uhandisi wa umeme hufundishwa mbinu ya vigeu vya hali kana kwamba ni zawadi ya wanahisabati: kwanza matriksi, kisha nadharia, mwisho saketi. Historia ina mpangilio mwingine. Kwa upande wa saketi zenye amplifaya, watu waliifanya kazi hii kwa diski na waya miaka mingi kabla nadharia yake haijakamilika, na kusahau jambo hilo kunatufanya tuifundishe vibaya.

Kiini cha mbinu yenyewe hakina fumbo. Saketi hukumbuka yaliyopita kupitia nishati iliyohifadhiwa ndani ya kapasita na koili. Ukijua volteji ya kila kapasita na mkondo wa kila koili kwa sasa, pamoja na ishara inayoingia, unaweza kukokotoa yote yatakayofuata. Hiyo ndiyo hali ya saketi. Mwaka 1876 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alieleza kwamba milinganyo ya aina hii inaweza kutatuliwa na mashine: unaunganisha vilimbikizi, yaani vyombo vinavyojumlisha kiasi kidogo kidogo kadiri muda unavyopita, kisha unarudisha tokeo la mwisho mwanzoni. Wazo lilikwama kwa sababu diski za kilimbikizi kimoja hazikuwa na nguvu ya kuendesha kingine, hadi Vannevar Bush wa chuo cha MIT, Marekani, alipokamilisha mashine yake mwaka 1931. Mwaka 1947 John Ragazzini wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake wawili walichapisha makala iliyoonyesha kazi hiyohiyo ikifanywa na amplifaya za valvu.

Msomaji makini atapinga: Henri Poincaré alikwisha kuchora mienendo ya milinganyo katika anga ya hali tangu karne ya 19, na nadharia ya kisasa ni ya Rudolf Kalman, aliyeiwasilisha Moscow mwaka 1960. Ni kweli, wala heshima yao haipungui. Lakini Kalman alipata udaktari wake Columbia mwaka 1957 chini ya Ragazzini yuleyule, na mwaka huohuo wa 1957 Theodore Bashkow alikuwa ameshaonyesha namna ya kuieleza saketi kwa matriksi moja ya vigeu vyake. Nadharia ilikulia karibu sana na meza za amplifaya.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwenye vichujio vya mawimbi. Koili za masafa ya chini ni kubwa, nzito, na haziingii kwenye kipande cha silikoni, hivyo wahandisi walitafuta namna ya kuziepuka. Mwaka 1955 R. P. Sallen na E. L. Key walitoa kichujio chenye amplifaya moja tu, chaguo la busara enzi za valvu ghali. Udhaifu wake unaonekana ukikikaribia. Rezista zikiwa sawa na kapasita zikiwa sawa, ukali wa uchujaji ni 1 gawanya kwa 3 toa ukuzaji. Ukitaka ukali wa 50, ukuzaji uwe 2.98. Ukuzaji huo ukipanda kwa asilimia 1 tu, unavuka 3, na kichujio kinaanza kutetema chenyewe bila kuingiziwa ishara yoyote. Mwaka 1967 Kerwin, Huelsman na Newcomb walijibu kwa kuchukua milinganyo ya hali na kuijenga kama ilivyo: amplifaya moja ya kujumlisha, vilimbikizi viwili, na mirejesho. Sehemu tatu za saketi hiyo hutoa masafa ya juu, ya kati na ya chini kwa pamoja, na kasoro ndogo ya vipuri haiivurugi. Amplifaya tatu zilikuwa gharama, lakini saketi unganishi zilikuwa zinashuka bei. Ukitazama mchoro wake, ni ileile mashine ya Kelvin, sasa ikichuja mawimbi.

Pingamizi la mwisho ni kwamba programu za kukokotoa saketi kama SPICE, iliyotoka Berkeley mwaka 1973, huanza na volteji za vifundo vya saketi, si na vigeu vya hali. Hilo linahusu ukokotoaji, ambako kompyuta hufaidika na milinganyo iliyo rahisi kuundwa. Kubuni ni kazi nyingine. Mwaka 1976 Middlebrook na Ćuk wa Caltech walipotaka kuelewa vibadilishi vya umeme vinavyowasha na kuzima swichi mara maelfu kwa sekunde, walichukua milinganyo ya hali ya kila mkao wa swichi wakaitafutia wastani. Njia yao bado ni msingi wa kubuni vibadilishi vya aina hiyo.

Kwa hiyo walimu wetu wa uhandisi waanze somo hili mezani: mwanafunzi aunganishe vilimbikizi viwili, aone volteji zake zikienda kwenye kioo cha osiloskopu, ndipo aandike matriksi.