Pishi Mbili za Maharage: Historia ya Vipimo katika Soko la Moshi

Mama mkwe wangu anaishi Shirimatunda, mjini Moshi. Mwishoni mwa mwaka jana tulimwendea kutoka Tanga, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili. Asubuhi ya pili akatuagiza sokoni. Hakuwa na karatasi. Aliagiza kwa mdomo, na binti yangu wa darasa la sita akawa karani wa safari: mkungu mmoja wa mshare kwa ajili ya mtori, magadi kidogo ya kuivishia kiburu, ulezi nusu debe kwa uji, na maharage pishi mbili.

Kalamu ilisimama kwenye neno la mwisho. Binti akaninong'oneza, "Baba, pishi ni nini? Au Bibi amekusudia mapishi?"

Nilicheka, kisha nikaona haya. Mimi ni mtu wa kuandika habari za lugha, na mwanangu amefika darasa la sita bila kulijua neno ambalo mababu zake wa pande zote mbili walinunulia chakula. Si kosa lake. Kwetu Tanga pishi bado hutajwa kila mwisho wa Ramadhani, kwa kuwa zaka ya fitri ni pishi moja ya chakula kwa kila mtu nyumbani, nayo hukadiriwa kuwa kama kilo mbili na nusu. Lakini mimi huitoa kwa fedha. Watoto hunisikia nikitaja shilingi. Pishi yenyewe hawajapata kuiona ikijazwa.

Tukapanda daladala kwenda Soko Kuu. Makala haya yalizaliwa katika matembezi yale, maana agizo la mama mkwe lilinifanya niangalie jambo ambalo nimelipita mara nyingi bila kuliona: kila kipimo anachokitaja muuzaji kina historia yake, na karibu kila kimoja kililetwa sokoni na mtu aliyekuwa na nguvu wakati ule.

Kwanza mji wenyewe. Moshi tunayoikanyaga leo si Moshi ya awali. Jina hilo lilikuwa la nchi ya juu, mlimani, alikotawala Mangi Rindi na baada yake mwanawe Meli, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilipofika hapa mwaka 1911, kituo kiliwekwa bondeni, na jina likateremka kukifuata. Nchi ya juu iliyolizaa jina ikabaki kuitwa Old Moshi, hata na wazee wasiojua neno jingine la Kiingereza. Nilimweleza binti yangu kwamba basi letu lilikuwa limefuata njia ileile ya reli: Korogwe, Same, kisha mlima upande wa kulia. Akauliza kama na jina Shirimatunda lilikuja kwa reli, au kama zamani palikuwa na ushirika wa matunda. Nikamwambia asifanye haraka: mitelemko hii ina Shirinjoro na Shirimgungani pia, na humo hamna tunda. Majina ya mahali huwahadaa wanaoyasikia kwa sikio la Kiswahili peke yake.

Soko la mjini, kwa hiyo, ni mtoto wa reli. Masoko ya mlimani ni ya kale zaidi. Wageni wa karne ya 19 waliofika Uchagani walistaajabu kuona kwamba masoko yale yalikuwa ya wanawake. Wanawake ndio walioteremka na kupanda na ndizi, maharage, magimbi na ulezi. Wakabadilishana wao kwa wao, na pia na watu wa tambarare waliokuwa na bidhaa ambazo mgomba hauzai. Magadi ya kulainishia chakula yalitoka chini, na chuma kilitoka Ugweno, kwa Wapare. Hadi leo Marangu Mtoni na Mwika huwa na siku zao za soko, na siku hizo barabara za mlimani hujaa akina mama na mikungu.

Kiswahili kina neno zuri kwa soko la namna hiyo: gulio. Mzizi wake ni kitenzi gula, chenye maana ya kununua, ambacho Kiswahili cha leo hakikitumii ingawa lugha nyingi za Kibantu bado zinakitumia. Soko, kwa upande wake, limetoka Uarabuni, na mnada pia, ambalo asili yake ni kunadi, yaani kuita kwa sauti. Tulikuwa na neno letu. Likasukumwa kando hadi likabaki na kazi ya kutaja soko la siku maalumu tu.

Katika gulio la kale kipimo kilikuwa fungu. Muuzaji hupanga chini mafungu, mnunuzi huyatazama, wakapatana. Fungu halina ukubwa uliotungiwa sheria. Mizani yake ni jicho la anayeuza na jicho la anayenunua. Ndicho kipimo cha kale kuliko vyote vilivyomo Soko Kuu, na kwa nyanya, vitunguu na karoti bado kinatawala. Ndizi nazo zina hesabu yake ya asili, iliyotolewa na mgomba wenyewe: mkungu, ndani yake chane, ndani ya chane ndizi mojamoja. Mke wangu alinunua mshare bila mizani yoyote. Aliugeuza mkungu, akatazama ndizi za chane ya mwisho kama zimejaa, akataja bei yake. Muuzaji akamwambia, "Dada, wewe si mgeni wa migomba." Kwangu, mtu wa minazi, ndizi zote zilifanana. Yeye aliijua mshare ya mtori, ndizi ng'ombe ya machalari, mkono wa tembo na kisukari kama mimi ninavyojua dafu na koroma.

Pishi ilipanda mlima na misafara ya pwani. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, mara nyingi husimuliwa kama aliyefungua njia. Lakini aliongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyekuwa ameshafika Uchagani kabla yake. Njia ilikuwa ya Waswahili, mgeni aliifuata. Misafara ile ilikuja na nguo na shanga kutafuta pembe, na pamoja na bidhaa ilibeba lugha ya kupimia. Vibaba 2 ni kisaga, na vibaba 4 ni pishi. Hivi vilipima nafaka. Vitu vizito, kama pembe, vilihesabiwa kwa frasila, inayokaribia kilo 16. Kibaba kimesalia katika methali: haba na haba hujaza kibaba. Watoto wetu huikariri shuleni, na nilipomuuliza binti yangu kibaba kina ukubwa gani, alinionyesha kwa mikono kitu chenye kimo cha ndoo.

Debe lina ukoo mwingine. Ni neno lenye asili ya Kihindi, na chombo chenyewe kilikuwa bati la mafuta ya taa la galoni 4. Mafuta yakiisha bati hubaki, na bati lililobaki likawa kipimo cha mahindi, ulezi, maji hata mchanga. Hakuna aliyetunga sheria ya kuliweka sokoni. Liliingia kwa sababu lilikuwapo kila mahali na lilikuwa na ukubwa mmoja. Nalo likaingia katika methali: debe tupu haliachi kuvuma.

Kisha kahawa ikaleta mizani ya chuma. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakulima wa Kichaga walizidi kuipanda, na walowezi wa Kizungu wakapinga. Mwaka 1925 wakulima wakaanzisha chama chao, KNPA, ambacho rais wake wa kwanza alikuwa Joseph Merinyo, ili walinde kilimo chao na wauze kwa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 chama hicho kikafuatwa na KNCU. Mwenye gunia moja akisimama peke yake mbele ya mfanyabiashara hupokea bei anayotajiwa. Wenye magunia elfu wakiwa na mzani wao wenyewe huweza kuuliza. Ratili iliyotumika enzi za Mwingereza ikaja ikaipisha kilo baada ya uhuru, lakini swali halikubadilika: nani ameshika mzani?

Swali hilo halijafa. Katika masoko yetu utasikia neno lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kichwa kingine juu. Mkulima hulipwa gunia moja, mnunuzi huondoka na zaidi ya gunia. Serikali imeipiga marufuku, na Wakala wa Vipimo huhimiza watu wauze kwa kilo, lakini neno lingali hai kwa kuwa jambo lenyewe lingali hai.

Tulipofika kwa muuza maharage, kijana wa umri wa miaka ishirini na kitu, nilimwambia, kwa makusudi, "Naomba pishi mbili." Akanitazama kwa adabu. "Mzee, hapa tuna sado." Akanyanyua ndoo ndogo ya plastiki ya lita 4. Neno sado limetokana na Sadolin, jina la kampuni ya rangi za nyumba, kwa sababu ndoo za kwanza zilikuwa za rangi. Historia ya debe imejirudia: bidhaa ya mgeni imekwisha, chombo kimebaki, na chombo kimekuwa neno. Mpinzani wa maneno mapya angekasirika. Mimi nilijiona nimeshuhudia Kiswahili kikifanya kazi ileile kilichoifanya miaka mia iliyopita.

Mama mmoja wa makamo, meza ya pili, akatuokoa. "Pishi anayoisema ni ndogo kuliko sado," akamwambia kijana. "Bibi yangu alikuwa nayo. Mpe sado moja na nusu." Kijana akajaza, akafuta mdomo wa ndoo kwa kiganja. Nikamkumbuka bibi yangu mimi, aliyekuwa akisema pishi ya mfuto, yaani iliyosawazishwa juu, isiyo na kilima. Kisha, baada ya kuifuta ile nusu ya pili, kijana akachota konzi moja akaitupia mfukoni mwetu. Binti akauliza hiyo ni kipimo gani. Mama wa meza ya pili akajibu, "Hiyo nyongeza, mwanangu. Haipimwi."

Nyumbani, mama mkwe hakuamini hesabu yetu. Aliingia ndani, akarudi na kopo la bati lililochakaa ukingo, ambalo nilikuwa nimeliona likiwa na vitunguu ndani yake kwa miaka yote ya ndoa yangu. Lilikuwa kibaba chake. Akaketi kwenye kigoda, akaanza kuhamisha maharage kutoka mfukoni hadi kwenye ungo, akihesabu taratibu, naye mjukuu akihesabu pamoja naye. Vibaba vinane vikatimia, na maharage yakasalia, si mengi, kama viganja viwili.

"Mmeibiwa?" mke wangu akamtania.

"Tumependwa," akasema. Akayamimina yaliyosalia juu ya mengine.

Nina sababu ya kuyaandika haya kwa watunzi wa mashairi. Neno tunalolitumia kuhesabia silabi za mshororo ni mizani, na mizani tuliitoa sokoni. Tunaposema mshororo wa shairi una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, tunasema lugha ya muuzaji aliyefuta kipimo kwa kiganja ili kisipungue wala kisizidi. Mtunzi anayejaza silabi zisizo na kazi ili mshororo utimie anauza lumbesa ya namna yake. Na ubeti unaotimiza mizani yote bila kutuachia konzi moja ya maana nje ya hesabu ni sahihi, lakini haukumbukwi.

Mama mkwe ana umri wa miaka themanini na ushei. Katika nyumba ile ya Shirimatunda ni yeye peke yake aliyekuwa akisema pishi. Jioni ile binti yangu aliandika katika daftari lake la likizo: kibaba, kisaga, pishi, frasila, debe, sado. Mbele ya kila neno alichora chombo chake. Mbele ya frasila alichora alama ya kuuliza, nami nikaahidi kumtafutia picha ya mizani ya zamani. Tulipoaga, Bibi alimpa lile kopo la bati. Mke wangu alitaka kukataa, akaona si adabu. Limefika Tanga nasi kwa basi, na Ramadhani ijayo, inshallah, fitri ya nyumba hii itapimwa kwalo, vibaba vinne kwa kila mtu, watoto wakihesabu.