Mwaka wa Simba, vijana wengine walikuwa wanachambua mashairi

Wazee wa Kasongo na Kabambare wanaita 1964 mwaka wa Simba. Mwezi wa saba Kindu ilianguka mikononi mwa waasi. Watu walikimbilia porini, watoto wakaacha shule.

Mwaka huo huo kule Kinshasa, wakati ule Léopoldville, dada mmoja wa miaka 20, Clémentine Nzuji, alianzisha kikundi La Pléiade du Congo, pamoja na vijana wa Chuo Kikuu cha Lovanium. Mmoja anasoma alichoandika, wenzake wanakichambua. Kilidumu mpaka 1966.

Mtu aliyelala porini atauliza: mashairi ya nini? Ana haki. Tena waliandika kwa Kifaransa, na masimulizi ya bibi zetu yalibaki nje ya mlango.

Lakini Nzuji hakuishia hapo. Mwaka wa 1970 alitoa kitabu juu ya vitendawili vya Waluba, akavichunguza kwa uzito ule ule wa shairi la mzungu. Mwaka uliofuata Mobutu aliunganisha vyuo vikuu vyote, masomo ya fasihi yakapelekwa Lubumbashi. Basi mtoto wa Kasongo akasomea fasihi katika mji ambamo hata mkate unanunuliwa kwa Kiswahili! Huko huko, 1973 na 1974, mwalimu Johannes Fabian aliketi na mchoraji wa mtaani, Tshibumba Kanda Matulu, akamsikiliza kwa Kiswahili akieleza historia ya inchi, picha moja baada ya nyingine.

Vitendawili vyetu vingesikilizwa hivyo pia. Wahami wa Kabambare wamevibeba kichwani, bila daftari.