Mavazi ya Mama Zetu Katika Nyanda za Juu

Mara nyingi twasikia ikinenwa kwamba wanawake wa Rungwe, Mbeya na Iringa walivikwa nguo na wamisioni. Sisi twaona neno hilo ni nusu ya habari.

Wamoravian walipofika Rungwe mwaka 1891, waliwakuta wanawake wa Kinyakyusa wamejifunga gome la mti lililopondwa hata likalainika. Wageni waliona uchi. Lakini wenyewe walikuwa na haya zao, tena kali: mke hakuthubutu kumtazama baba mkwe, na akisikia anakuja njiani alijificha vichakani hata apite. Twadhani mtu wa adabu ya namna hiyo, alipopata nguo pana ya kujifunika, hakuhitaji kuhubiriwa sana juu ya faida yake.

Upande wa Iringa nguo ilitangulia misioni. Misafara ya pwani ilileta merikani, ambayo jina lake latokana na Marekani ilikofumwa, na kaniki yenye rangi ya nili iliyoiva. Wamisioni walifika Tosamaganga mwaka 1897, na mwaka uliofuata Mkwawa akafa. Nguo hizo zilikuwa zikijulikana Uheheni zamani. Kule Unguja kaniki ilikuwa alama ya utumwa, na utumwa ulipofutwa mwaka 1897 wanawake wengi waliitupa wakavaa kanga. Huku bara haikuwa na aibu hiyo. Mwenye kushika jembe aliipenda, kwa maana haionyeshi udongo upesi.

Lakini lililoharakisha mabadiliko ni fedha. Katika miaka ya 1930 vijana wengi walikwenda kuchimba dhahabu ya Lupa, na Rungwe kahawa ikaanza kuuzwa. Ndipo doti za kanga zilipojaa madukani, na fundi wa cherehani akaketi barazani kwa Mhindi akishona magauni. Hapa yatupasa kusema kweli, ijapokuwa waume hawatapenda: fedha ya kahawa aliishika mume. Mke aliyepalilia kahawa hiyo, akitaka gauni, alingoja hisani, au aliuza kuku wake na maharagwe yake. Kwa hiyo magauni mengi ya kwanza yalinunuliwa kwa jasho la mvaaji mwenyewe.

Kisha vita ya 1939 hata 1945 ikaleta uhaba. Nguo za bei nafuu za Japani hazikuja tena baada ya nchi hiyo kuingia vitani Desemba 1941, na viraka vikarudi hata kwa wenye nafasi.

Na lile gome je? Bibi Monica Wilson, aliyekaa na Wanyakyusa katika miaka hiyo ya 1930, aliandika kwamba wanawake waliofiwa walijifunga gome tumboni wakati wa maziko, kwa sababu matumbo yalitetemeka kwa huzuni na hofu. Kanga walikuwa nayo. Siku ile waliliendea gome.