Ufundi wa giaboksi: kijana aanzie wapi?
Wazazi wa Mombasa ambao vijana wao wameshukia treni Syokimau kutafuta kazi ya gereji huniuliza: giaboksi hufunzwaje? Nawajibu, kwa oili kwanza, spana baadaye. Magari mengi ya Japani yateremshwayo bandarini kwetu ni otomatiki, na mengine ni CVT: puli mbili na mkanda wa chuma badala ya gia. CVT ina oili yake. Ukitia ya otomatiki ya kawaida, mkanda huteleza na giaboksi ikafa, na mwenye gari hatamdai oili bali fundi.

Aliyefunzwa jua kali asidharauliwe (mafundi wetu hodari wametoka huko). NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, humtahini hata asiyepita chuoni. Huanza Gredi ya 3, akapanda hadi ya 1. Basi ajiandikishe mapema, asizeeke akimshikia fundi tochi.