Jando la Kikristo Masasi na Newala

Kanisa la Kianglikana lilifika Masasi mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaongoza kutoka Zanzibar watu waliokombolewa utumwani, nao, badala ya kuendelea kuelekea Ziwa Nyasa, wakaamua kubaki hapo; muda mfupi baadaye misheni ikaenea hadi Newala, kwa Matola, mtawala wa Kiyao. Sala na usomaji wa Maandiko vilizoeleka katika kijiji cha misheni, lakini nje yake malezi yalikuwa ya ukoo mzima, hasa wajomba, na kilele chake kilikuwa jando, yaani kipindi ambacho wavulana hutahiriwa na kufundwa kambini, mbali na mama zao. Mmisionari aliyelikataza jando, na wako waliojaribu, alikuwa kwa hakika akimtaka mzazi Mkristo akubali mwanawe aonekane mtoto maisha yake yote. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, alishika njia nyingine: kambi na tohara vilibaki, ila matambiko ya mizimu yalipisha sala na mafundisho ya padri. Sifa ya mpango huo humwendea Lucas peke yake, jambo lisilo haki, kwani bila mapadri na wazee Waafrika waliolijua jando kwa kulipitia usingetekelezeka. Unyago wa wasichana ulikuwa mgumu zaidi, kwa kuwa ulikuwa siri ya wanawake, na padri hakuweza kuufikia ila kupitia kwa akina mama Wakristo.