Mawe ya figo: mashine inayoyavunja bila kisu, na wagonjwa inaowafaa

Aliyewahi kuumwa jiwe la figo hahitaji kuelezwa sana. Maumivu huja ghafla ubavuni, yakashuka hadi kinenani, mgonjwa akawa hawezi kulala wala kukaa. Wengine hutapika, wengine hukojoa damu. Kwa wasikilizaji wetu wa Lushoto, Mlalo, Bumbuli na vijiji vingine vya milima ya Usambara, kinachofuata ni hofu ya kupasuliwa. Wakisikia kwamba ipo mashine inayovunja mawe bila kisu, huuliza: iko wapi, na mimi itanifaa?

Tuanze na jiwe lenyewe. Mkojo hubeba chumvichumvi nyingi. Maji mwilini yakipungua, chumvi hizo hushikana punje kwa punje hadi zikawa jiwe. Watu hudhani ni ugonjwa wa nchi za joto tu, lakini huku milimani baridi nayo ina hila yake: inaondoa kiu. Mtu hushinda shambani kwenye kabichi au viazi tangu asubuhi hadi alasiri, na alichokunywa ni kikombe kimoja cha chai.

Mashine tunayoizungumzia hutumia mawimbi mshtuko. Haichomi wala haikati. Mgonjwa hulala kitandani, hupakwa jeli ubavuni, na kichwa cha mashine hugusa ngozi. Daktari hulitafuta jiwe kwa eksirei au ultrasaundi, kisha hulilenga. Mawimbi hupita kwenye nyama kwa urahisi kwa sababu sehemu kubwa ya nyama ni maji. Yote hukusanywa yakutane mahali pamoja, kama lenzi inavyokusanya jua hadi likachoma karatasi, na mahali hapo ndipo lilipo jiwe. Likipigwa mara 2,000 hadi 3,000, kwa muda usiozidi saa moja hivi, jiwe hupasuka na kuwa vipande vidogo na mchanga. Kila pigo huhisiwa kama mpira uliovutwa na kuachiwa ngozini, kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa ya maumivu. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Chanzo cha tiba hii ni ndege. Wahandisi wa kampuni ya Dornier ya Ujerumani walikuwa wakichunguza jinsi matone ya mvua yanavyoharibu ndege zinazokwenda kasi sana, wakaona nguvu ya mawimbi mshtuko. Februari 1980, mjini München, daktari Christian Chaussy na wenzake walimtibu mgonjwa wa kwanza. Siku hizo mgonjwa aliingizwa ndani ya beseni kubwa la maji.

Sasa jambo ambalo matangazo mengi hayalisemi: si kila jiwe linafaa kwa mashine hii. Jiwe dogo lisilofika milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe kwa maji na dawa za maumivu. (Hapo ndipo mitishamba mingi inapopata sifa: jiwe lilikuwa linatoka tu.) Mashine hufaa zaidi kwa jiwe la figo lisilozidi sentimita 2. Likizidi hapo, au likiwa gumu mno, au likikaa chini kabisa ya figo ambako vipande havipati njia ya kutoka, daktari anaweza kushauri njia nyingine, kama kupitisha kifaa chembamba kwenye njia ya mkojo au kutoboa tundu dogo mgongoni. Mjamzito hafanyiwi tiba hii. Mwenye UTI hutibiwa kwanza, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, ikiwemo aspirini, lazima aseme mapema.

Kwa mtu wa Lushoto safari huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya. Huko hupimwa mkojo na ultrasaundi. Ikibidi, rufaa hupelekwa Bombo, Tanga, au KCMC, Moshi, ambako kuna idara ya siku nyingi ya magonjwa ya njia ya mkojo. Miongoni mwa hospitali za umma zenye mashine ya mawimbi mshtuko ni Benjamin Mkapa ya Dodoma. Kabla hujateremka Mombo kupanda basi, mwombe daktari anayekupa rufaa apige simu kuuliza kama mashine inafanya kazi, bei ni kiasi gani na bima yako inalipia nini. Beba picha na majibu yote, vinginevyo utapimwa na kulipa upya.

Lakini ipo hali moja isiyosubiri simu wala siku ya gulio. Maumivu ya ubavu yakija pamoja na homa na kutetemeka, au mkojo ukikatika kabisa, huenda jiwe limeziba njia na usaha unajikusanya nyuma yake. Figo inaweza kufa, na mgonjwa naye akafa kwa sumu kuenea kwenye damu. Nenda hospitali usiku huohuo, hata kama ni kwa bodaboda. Hapo kinachotangulia ni kuzibua mkojo. Jiwe litavunjwa baadaye.

Baada ya mashine, mkojo wenye damu kidogo kwa siku chache ni kawaida. Vipande huendelea kutoka kwa wiki kadhaa, na wengine huhitaji kurudi mara ya pili. Kunywa maji hadi mkojo uwe mweupe, hata siku ya ukungu usipohisi kiu. Punguza chumvi, lakini usiache maziwa kwa kudhani ndiyo yaliyoleta jiwe. Kojoa kwenye kichujio cha chai cha zamani ambacho hakitarudi jikoni, na vipande utakavyovipata uviweke kwenye kichupa uvipeleke kwa daktari. Vikipimwa, ataweza kujua jiwe lilikuwa la aina gani na upunguze nini kwenye chakula.